Upanga na Kamba: Hukumu ya Dodoma ya Mwaka 1994 na Swali la Adhabu ya Kifo

Utangulizi

Mkonze ni kata iliyo pembezoni mwa mji wa Dodoma, katika nchi ya uwele, mtama na zabibu. Watu wake, kama wakazi wengine wa Dodoma, wanaishi karibu na vyombo vikuu vya haki vya taifa letu. Bunge liko mjini, Mahakama Kuu inakaa mjini, na Gereza la Isanga liko mjini vilevile. Mchungaji anayehudumu katika eneo kama hili huweza kumzika mtu aliyeuawa siku ya Jumanne, na Jumapili inayofuata akawakuta ibadani ndugu za marehemu na ndugu za mshtakiwa, wameketi benchi mbili tofauti, wakisubiri neno kutoka madhabahuni. Atawaambia nini?

Swali hili si la mchungaji wa Mkonze peke yake. Hata hivyo, Dodoma ina sababu ya pekee ya kuulizwa. Katika Mahakama Kuu iliyoketi mjini humo, mwezi Juni 1994, Jaji James Mwalusanya alitamka kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba ya Jamhuri ya Muungano wa Tanzania. Hukumu hiyo haikudumu zaidi ya miezi minane. Pamoja na hayo, ilifungua mjadala ambao haujafungwa hadi leo, na ambao Kanisa, kwa maoni yetu, halijaushiriki inavyostahili.

Katika makala haya tunakusudia kufanya mambo matatu. Kwanza, tutaeleza kwa ufupi jinsi kamba ya kunyongea ilivyoingia nchini na jinsi Kanisa lilivyosimama karibu nayo. Pili, tutaeleza hukumu ya Dodoma na majibu yaliyotolewa dhidi yake. Tatu, tutajaribu kuonyesha kwamba Mahakama ya Rufani, ilipoitengua hukumu hiyo, iliirudishia jamii swali, na kwamba sisi wachungaji na walimu wa theolojia ni sehemu ya jamii iliyoulizwa. Kwa hiyo hatuna budi kujibu.

Kamba ilivyoingia nchini

Isidhaniwe kwamba kabla ya utawala wa wageni babu zetu hawakumwua mtu kwa hukumu. Zilikuwapo jamii zilizowaua waliodhaniwa kuwa wachawi, na walikuwapo watawala waliokata vichwa. Lakini katika jamii nyingi za wafugaji wa nyanda za kati na kwingineko, mtu alipomwua mwenziwe, jambo la kwanza kuulizwa lilikuwa ni nini kifanyike ili koo mbili ziendelee kuishi pamoja. Ukoo wa muuaji ulitoa mifugo kwa ukoo wa marehemu, wazee wakasimamia upatanisho, na ile damu ikahesabiwa kuwa imelipwa. Desturi hiyo ilikuwa na kasoro zake, kwa maana tajiri alilipa kwa wepesi kuliko maskini. Ila ilikuwa na jambo moja ambalo sheria zilizofuata hazikuwa nalo: ilimkumbuka mfiwa.

Utawala wa Wajerumani ulikuja na kitanzi cha hadharani. Wasomaji wengi wa jarida hili wanaifahamu Akeri, chini ya Mlima Meru. Hapo ndipo wamisionari wawili wa Misioni ya Leipzig, Ewald Ovir na Karl Segebrock, walipouawa usiku mmoja wa mwezi Oktoba 1896, pamoja na baadhi ya Wachagga waliofuatana nao. Tunawakumbuka kuwa mashahidi, na ni haki tufanye hivyo. Lakini historia haikuishia makaburini mwao. Kapteni Kurt Johannes alipeleka askari Meru na Arusha. Nyumba zikachomwa, mifugo ikachukuliwa, na watu wengi wakauawa bila kuulizwa ni nani alikuwa na hatia na nani hakuwa nayo. Miaka michache baadaye, tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli wa Moshi alinyongwa hadharani Old Moshi, pamoja na viongozi wengine wa Kichagga, Kimeru na Kiarusha, kwa tuhuma ya kula njama dhidi ya serikali. Mwaka 1902 misioni ilirudi Meru na kuanza kazi Nkoaranga. Injili ilihubiriwa katika nchi iliyokuwa bado na kumbukumbu ya kitanzi, na mwenye kuhubiri alikuwa wa rangi moja na mwenye kunyonga.

Kusini mwa nchi ilikuwa hivyo hivyo. Baada ya Vita vya Maji Maji, tarehe 27 Februari 1906, mashujaa 67 wa Wangoni walinyongwa Songea, na siku hiyo inaadhimishwa mpaka leo. Wamisionari Wabenediktini waliwatembelea waliohukumiwa na kuwabatiza baadhi yao kabla ya kunyongwa. Hatuna haki ya kuidharau huduma hiyo, kwa kuwa mtu anayekwenda kufa ana haki ya kupata sakramenti. Lakini hatuwezi kuacha kuona jinsi Kanisa lilivyosimama katika matukio hayo mawili. Akeri, damu yake ndiyo iliyotajwa kuwa sababu ya kisasi. Songea, lilikuwa mhudumu chini ya kitanzi. Katika yote mawili kamba yenyewe haikuulizwa swali.

Waingereza walipochukua nchi, walileta utaratibu wa mahakama, mawakili na rufaa. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1945, ambayo ingali ndiyo msingi wa sheria yetu ya jinai, iliamuru kwamba kila atakayepatikana na hatia ya kuua kwa kukusudia ahukumiwe kifo. Neno la kuzingatia hapa ni kila. Jaji hakupewa nafasi ya kupima. Awe mshtakiwa ni jambazi aliyezoea kuua, au ni mtu aliyeua siku moja tu katika maisha yake baada ya ugomvi wa miaka mingi, ikiwa kosa ni la kuua kwa kukusudia, adhabu ni moja. Waliosamehewa kamba ni wenye umri ulio chini ya miaka 18 na wanawake wajawazito. Uingereza yenyewe iliacha kunyonga kwa kosa la mauaji mwaka 1965. Tanganyika, iliyokuwa imepata Uhuru miaka minne kabla ya hapo, ilibaki na sheria iliyoachiwa.

Mfano mmoja wa miaka ya kwanza ya Uhuru unafaa kutajwa. Siku ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani mkoani Iringa, mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Dk. Wilbert Klerruu, Mkuu wa Mkoa, kisha akauchukua mwili wake na kujipeleka polisi. Mahakamani ilidaiwa kwamba alikuwa amekasirishwa kupita kiasi katika mzozo wa shamba lake. Mahakama Kuu ilimkuta na hatia ya kuua kwa kukusudia, naye akanyongwa. Hatusemi kwamba Dk. Klerruu hakustahili kutendewa haki. Alikuwa mtumishi wa umma aliyekufa kazini, na familia yake ilifiwa siku ya kuzaliwa kwa Bwana. Tunaloonyesha ni kwamba baada ya kosa kupewa jina lake, hapakuwa na mlango uliobaki wazi mahakamani. Mlango uliobaki ulikuwa wa Ikulu.

Hukumu ya Dodoma

Mwaka 1984 Haki za Binadamu ziliingizwa katika Katiba ya nchi, na kuanzia mwaka 1988 raia waliweza kuzidai mahakamani. Jaji Mwalusanya alikuwa miongoni mwa majaji waliozichukua haki hizo kwa uzito tangu mwanzo. Mwaka 1990, katika kesi ya Holaria Pastory, aliamua akiwa Mwanza kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi sawasawa na mwanamume. Miaka minne baadaye, Dodoma, ililetwa mbele yake kesi ya Jamhuri dhidi ya Mbushuu na mwenzake. Washtakiwa hao wawili walikuwa wamepatikana na hatia ya mauaji. Lililobaki, kwa desturi ya mahakama, lilikuwa ni kutamka maneno yanayojulikana na kalamu kuwekwa chini. Badala yake jaji alisikiliza hoja kuhusu adhabu yenyewe.

Hukumu yake inaweza kufupishwa hivi. Katiba, katika ibara ya 13(6)(e), inakataza mtu kuteswa, kuadhibiwa kinyama au kupewa adhabu zinazomtweza au kumdhalilisha. Jaji alichunguza jinsi mtu anavyonyongwa, jinsi anavyosubiri miaka mingi bila kujua siku, na jinsi hali ya gereza inavyomvunja kabla kamba haijamfikia. Alichunguza pia jinsi maskini wanavyotetewa na mawakili waliopewa muda mfupi na malipo madogo. Akahitimisha kwamba adhabu hii ni ya kikatili na ya kudhalilisha, na kwamba haiwezi kuhalalishwa kwa kisingizio cha maslahi ya umma, kwa kuwa kifungo cha maisha kinatosha kuilinda jamii. Hao wawili akawahukumu kifungo cha maisha.

Kwa mara ya kwanza katika historia ya nchi yetu, kamba ilikuwa imeulizwa swali. Haikuulizwa na Kanisa. Iliulizwa na jaji, kwa maneno ya Katiba.

Jibu la Mahakama ya Rufani

Mwezi Januari 1995 Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilitoa uamuzi wake. Waliosikiliza shauri walikuwa Majaji Makame, Ramadhani na Lubuva. Wengi hukumbuka tu kwamba Mahakama hiyo ilitengua hukumu ya Dodoma na kuamua kwamba adhabu ya kifo haivunji Katiba. Ni kweli. Lakini mtu akiishia hapo, atakuwa amekosa jambo lililo zito kuliko yote.

Mahakama ya Rufani ilikubaliana na Jaji Mwalusanya kwamba adhabu ya kifo, kwa asili yake, ni ya kikatili, ya kinyama na ya kudhalilisha. Hapo majaji wote, wa juu na wa chini, walisema sauti moja. Walipoachana ni katika ibara ya 30(2), inayoruhusu haki ya mtu mmoja kuwekewa mpaka kwa ajili ya maslahi ya umma. Je, ni lazima kunyonga ili kulinda uhai wa watu wengine? Mahakama ilisema kwamba hapakuwa na uthibitisho wa kutosha kwamba kifungo cha maisha kinazuia mauaji sawa na kamba, na kwamba katika hali hiyo ni jamii ndiyo inayopaswa kuamua lililo la lazima. Kwa wakati ule, majaji walivyoona, jamii ilikuwa bado inaitaka adhabu hiyo.

Wachungaji wenzetu, tulisome jambo hili polepole. Mahakama ya juu kabisa katika nchi yetu ilisema kwamba tendo hili ni la kikatili na la kinyama, kisha ikasema kwamba linaendelea kwa sababu sisi, jamii, tunalihitaji. Haikusema kwamba ni Mungu anayelihitaji, wala haikusema kwamba Katiba ndiyo inayoliamuru. Ilituelekea sisi. Na sehemu kubwa ya jamii hiyo huingia makanisani na misikitini kila juma kufundishwa lipi ni la haki.

Yafaa kuongeza kwamba Jaji Augustino Ramadhani baadaye alikuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kuanzia 2007 hadi 2010, kisha Rais wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu huko Arusha, na baada ya kustaafu ujaji nchini akawekwa wakfu kuwa kasisi wa Kanisa Anglikana Zanzibar. Aliaga dunia mwaka 2020. Mtu mmoja alivaa joho la jaji na vazi la kasisi. Maisha yake yanatukumbusha kwamba swali la kamba si la wanasheria upande mmoja na waumini upande mwingine. Mara nyingi ni watu walewale.

Miaka thelathini ya kutonyonga

Miezi michache baada ya uamuzi huo, mwezi Juni 1995, Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ilizisoma hukumu zote mbili za Tanzania, ile ya Dodoma na ile ya Rufani, kabla ya kuifuta adhabu ya kifo kwa kosa la mauaji katika kesi ya Makwanyane. Majaji wote 11 walikubaliana. Hoja iliyoshindwa kwetu ilishinda kwa jirani.

Majirani wengine walifuata njia zao. Rwanda, baada ya mauaji ya kimbari, ambako mtu yeyote angedhani kamba ingehitajika kuliko mahali pote, iliifuta adhabu hii mwaka 2007. Burundi iliifuta mwaka 2009. Mwaka huohuo Mahakama ya Juu ya Uganda, katika kesi ya Susan Kigula, iliamua kwamba adhabu ya kifo ya lazima ni kinyume cha Katiba, na nchini Kenya Rais Kibaki aliwabadilishia adhabu wafungwa zaidi ya 4,000 waliokuwa wakisubiri kunyongwa. Mahakama ya Juu ya Kenya nayo iliukataa ulazima huo mwaka 2017, katika kesi ya Muruatetu. Zambia ikaifuta adhabu yenyewe mwaka 2022, na Zimbabwe mwaka 2024.

Kwetu sheria ilibaki, lakini kamba ilikaa kimya. Tangu katikati ya miaka ya 1990 hakuna mtu aliyenyongwa Tanzania Bara. Marais wanne, Mkapa, Kikwete, Magufuli na Samia Suluhu Hassan, wamekaa Ikulu, na kamba haikutumika. Mwezi Septemba 2017, alipomwapisha Jaji Mkuu Ibrahim Juma, Rais Magufuli alisema waziwazi kwamba asipelekewe majina ya watu wa kunyongwa. Tarehe 9 Desemba mwaka huo, sherehe za Uhuru zilipofanyika Dodoma, alitangaza msamaha kwa wafungwa 61 waliokuwa wamehukumiwa kifo. Hivyo katika mji uleule ambako mwaka 1994 jaji alikataa kutamka adhabu hiyo, Rais naye, kwa mamlaka aliyopewa na ibara ya 45 ya Katiba, aliikataa kwa watu 61.

Tarehe 28 Novemba 2019 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ikiwa Arusha, iliamua katika kesi ya Ally Rajabu na wenzake kwamba ulazima wa adhabu ya kifo katika sheria ya Tanzania unavunja haki ya kuishi, na kwamba kunyonga kunavunja utu. Iliiagiza serikali iuondoe ulazima huo. Mwezi huohuo serikali ilikuwa imeondoa tamko lililowaruhusu raia kwenda moja kwa moja mbele ya Mahakama hiyo.

Tulipofika ndipo hapa: majaji wanalazimika kutamka adhabu ambayo marais hawataki kuitekeleza. Aliyehukumiwa huamka kila siku bila kujua kama rais ajaye atakuwa kama waliopita.

Upanga na kazi yake

Hapa baadhi ya wasomaji watatukumbusha mafundisho yetu wenyewe. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 16, linafundisha kwamba Mkristo anaweza kushika madaraka ya nchi, kuhukumu, na kuwaadhibu waovu kwa upanga bila kutenda dhambi. Martin Luther, katika kitabu chake cha mwaka 1523 kuhusu mamlaka ya dunia, alifundisha vivyo hivyo, na msingi wake ni Warumi 13. Tena ipo Mwanzo 9:6. Je, tunaliacha Ungamo?

Hatuliachi. Tunasema kwamba Ungamo linatoa ruhusa, wala halitoi amri. Linamwambia hakimu Mkristo kwamba kazi yake si najisi. Halimwambii kwamba nchi isiyonyonga imemkosea Mungu. Zaidi ya hayo, Luther hakuona upanga kuwa mali ya mtawala, bali huduma ya upendo kwa jirani. Mkristo, alifundisha, hauhitaji upanga kwa ajili yake mwenyewe. Anauvumilia, na hata kuushika, kwa sababu jirani yake dhaifu anahitaji kulindwa. Basi kipimo cha upanga ni jirani. Pale ambapo jirani analindwa bila kuua, upanga unaoua hauna tena kazi ya upendo, na adhabu isiyo na kazi ya upendo haiwezi kuitwa ya haki kwa mujibu wa theolojia yetu.

Mtu akitazama vizuri, ataona kwamba swali hili ni lilelile lililoulizwa na Mahakama ya Rufani: je, ni lazima? Mwaka 1995 majaji walisema kwamba hakukuwa na ushahidi wa kutosha. Sasa historia imetoa ushahidi wake. Adhabu ambayo marais wanne wameongoza nchi bila kuitumia haiwezi tena kuitwa ya lazima kwa ulinzi wa raia.

Yapo mambo matatu zaidi ambayo Maandiko yanatulazimisha kuyapima.

La kwanza ni ulazima wenyewe. Torati ilikuwa kali, lakini haikuwa kipofu. Kutoka 21 na Hesabu 35 zinatenganisha aliyeotea na ambaye hakukusudia; miji ya makimbilio ilijengwa, na mashahidi wakatakiwa kuwa zaidi ya mmoja. Mungu mwenyewe, alipomhukumu Kaini, mwuaji wa kwanza na wa ndugu yake, alimtia alama ili asiuawe. Sheria inayomkataza hakimu kupima tofauti kati ya mwuaji mmoja na mwingine ni kali kuliko Torati.

La pili ni udhaifu wa ushahidi wa wanadamu. Nabothi wa Yezreeli hakuuawa na wahuni. Aliuawa kwa utaratibu: barua ziliandikwa, wazee wakaketi, mashahidi wawili wakasimama, idadi ikatimia kama sheria ilivyotaka. Sisi tunaoishi katika nchi ya zabibu tusilisahau shamba lile la mizabibu. Na Nabothi hakukatiwa rufaa. Mtu aliyefungwa kwa kosa anaweza kufunguliwa. Aliyezikwa hafufuliwi na Mahakama ya Rufani. Wahenga walisema kamba hukatikia pembamba. Kamba ya kunyongea nayo huwashika wembamba: wasio na fedha ya wakili, wasiojua lugha ya mahakama, wasio na ndugu wa kufuatilia jalada.

La tatu ni muda wa neema. Kanisa halijui mtu aliyekwisha kabisa. Mwizi aliyesulubiwa pamoja na Bwana alikiri kwamba alistahili adhabu yake, naye akapokelewa. Wengine hulitumia fungu hilo kuonyesha kwamba msalaba ule ulikuwa wa haki. Sisi tunaona kwamba aliyempokea alikuwa pembeni yake akifa kwa hukumu isiyo ya haki, iliyotiwa muhuri na dola. Ukristo una alama moja tu, nayo ni chombo cha kunyongea mtu. Ni ajabu kubwa tukiitazama kila Jumapili bila kuuliza swali.

Damu ya aliyeuawa

Lakini hoja hizi zote zitakuwa kelele tupu tusipomsikiliza mfiwa. Katika darasa moja la Biblia huko Mkonze tulikuwa tukifundisha Amri ya Tano. Mama mmoja, ambaye mwanawe aliuawa njiani akirudi kutoka kazini, alisimama akasema, “Mchungaji, mwanangu hakupelekwa mahakama yoyote. Hakupewa wakili wala rufaa. Mbona Kanisa linamlilia aliyemwua, na mimi hakuna aliyekuja kwangu baada ya matanga?”

Mama huyo ana haki, na asiyemjibu asiandike makala juu ya huruma. Damu ya Habili ililia kutoka ardhini kabla Kaini hajatiwa alama, na Mungu aliisikia kwanza. Kanisa likisema habari za utu wa mhalifu bila kusema habari za utu wa aliyeuawa, litakuwa limechukua nusu ya Injili.

Lakini tuulize pia: sheria ya sasa inampa nini mama huyu? Husubiri miaka shauri likiahirishwa. Huitwa kutoa ushahidi, akauona uso wa aliyemwua mwanawe, kisha akarudi kwa nauli yake. Husikia adhabu ya kifo ikitamkwa, akadhani mambo yamekwisha, kumbe ni rufaa, na baada ya rufaa ni kusubiri kusiko na mwisho. Hakuna anayemwambia kilichotokea. Hapati fidia, wala mtu wa kumsindikiza. Ahadi ya kamba imekuwa njia rahisi ya taifa kumnyamazisha mfiwa bila kumtunza. Wazee wetu, pamoja na kasoro zao, walijua kwamba baada ya kuua kuna mtu aliyebaki bila mtoto, na kwamba jambo hilo ni deni la watu wengi.

Tukumbuke pia wale wanaouawa na makundi ya watu kwa tuhuma za wizi, na vikongwe waliouawa kwa tuhuma za uchawi. Wanaofanya hivyo husema kwamba mwovu anastahili kufa na kwamba serikali inachelewa. Tunawaambia kwamba wametenda dhambi, nao hutujibu kwamba wametekeleza mapema kile ambacho sheria yenyewe imeandika. Mhubiri anayetaka kulipinga kundi lenye mawe mkononi atahubiri kwa nguvu zaidi akiweza kusema kwamba hakuna mkono wowote, hata ule wa dola, uliopewa kazi ya kummaliza mtu aliyekwisha kukamatwa na kufungwa.

Wajibu wetu

Si mara ya kwanza kwa Walutheri wa nchi hii kuulizwa juu ya mambo ya dola. Mwaka 1977, Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani lilipokutana Dar es Salaam, lilitamka kwamba ubaguzi wa rangi wa kusini mwa Afrika unagusa ungamo la imani lenyewe. Mwaka 1994, mwaka uleule wa hukumu ya Dodoma, KKKT ilitoa Tamko la Bagamoyo kuhusu utawala, ardhi na haki za watu. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba mambo ya namna hii si kazi yetu.

Tunapendekeza hatua tatu, zilizo ndani ya uwezo wa kila usharika na kila chuo. Kwanza, Amri ya Tano ifundishwe kwa vijana wa kipaimara na kwa wanafunzi wa theolojia pamoja na hukumu za 1994 na 1995, ili wajue kwamba majaji wa nchi yao walikwisha kuiita adhabu hii ya kikatili. Pili, kila usharika uliofiwa kwa mauaji uteue wazee wa kuwatembelea wafiwa mpaka shauri liishe, na wazee wengine wa kuitembelea familia ya mshtakiwa na mfungwa mwenyewe. Wasiwe wazee walewale, lakini waombe pamoja. Tatu, Kanisa liseme na Bunge. Hatua ya kwanza ya kuomba ni ndogo na iko wazi: ulazima uondolewe, jaji apewe tena uwezo wa kupima. Hatua ya pili ni kuiondoa kamba yenyewe na kuweka mahali pake kifungo kinacholinda raia, pamoja na utaratibu wa kuwatunza wafiwa.

Mwaka 1995 Mahakama iliamini kwamba jamii inaitaka adhabu hii. Huenda iliamini hivyo kwa sababu waliopaswa kusema vinginevyo walinyamaza. Kutoka Mkonze hadi lango la Bunge ni mwendo mfupi, na mama yule wa darasa la Biblia bado anasubiri wazee wamtembelee. Safari zote mbili zinaweza kuanza juma hili.